Kutu na Majani ya Chai: Somo Tulilojifunza Igamba



Kila mama anayefua anajua hasara ya kuanika nguo juu ya seng'enge iliyoshika kutu. Asubuhi unaanika shuka jeupe, jioni unalikuta limechorwa mstari wa rangi ya udongo mwekundu. Unafua kwa sabuni, doa halitoki. Unatia dawa ya kung'arisha nguo, ndiyo kwanza doa linakomaa. Mwishowe shuka linageuka kuwa dekio.

Kila mama anajua pia kwamba ukimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma, vidole vinakuwa vyeusi kana kwamba umeshika wino, na kisu chenyewe kinapata weusi usiotoka kwa maji matupu. Wengine wameona chai iliyochemshwa katika birika lenye kutu ikigeuka kuwa nyeusi kuliko kawaida yake.

Somo la robo hii linatokana na mambo hayo matatu yanayojulikana katika kila nyumba. Kwa misimu miwili sasa tumekuwa tukifanya majaribio pamoja na kikundi cha akina mama wa Igamba, Wilaya ya Mbozi, ya kutia vitambaa vya pamba rangi kwa kutumia kutu na majani ya chai. Tumepata vitambaa vizuri vya kutundika ukutani, vya mito na vya majalada ya madaftari. Pia tulifanya kosa lililotugharimu, nalo tunaliweka wazi hapa, kwa sababu kamati yoyote itakayoanza kazi hii italikuta njiani.

CHUMA NA PAMBA SI WAGENI MBOZI

Baadhi yenu mtauliza: kwa nini kazi hii, na kwa nini Igamba? Jibu la kwanza ni kwamba vitu vyake vipo. Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, unapitiwa na barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA. Malori yanayopanga foleni Tunduma yanaacha nyuma yake gereji nyingi, na kila gereji ina lundo la vyuma chakavu. Majani ya chai yanatoka kwa jirani zetu wa Rungwe. Pamba ya kufuma merikani inalimwa hapa hapa nchini.

Jibu la pili ni la kihistoria. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mafundi wa chuma kabla ya wakoloni. Waliyeyusha mawe yenye madini ya chuma katika tanuri za udongo kwa kutumia makaa ya miti, wakafua majembe na silaha. Vilevile walikuwa wafumaji wa nguo za pamba, kama ilivyokuwa kwa majirani zao wa upande wa Rukwa na Ufipa. Kazi zote mbili zilififia baada ya bidhaa za viwandani kuingia. Majembe ya kigeni yaliwashinda wahunzi kwa bei, na nguo za kigeni zikawashinda wafumaji. Hata jina merikani linatukumbusha hilo: ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho katika karne ya 19 kililetwa Zanzibar kwa wingi na wafanyabiashara wa Marekani, kikasambaa bara pamoja na misafara.

Na ni katika wilaya hii hii ya Mbozi kilipo kile Kimondo maarufu, pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa karibu mita 3. Wenyeji walikijua zamani, na habari zake zikaanza kuandikwa na wageni mwaka 1930. Sehemu kubwa ya Kimondo ni chuma, pamoja na kiasi cha nikeli. (Tunaomba ieleweke mapema: Kimondo ni urithi wa taifa unaolindwa kwa sheria. Hatuchukui chochote pale, wala hatuhitaji. Misumari ya gereji inatosha.)

KINACHOTOKEA NDANI YA KITAMBAA

Ni vizuri kila mshiriki aelewe kinachotokea, ili akiona tofauti ajue sababu yake.

Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Chuma kikavu hakipati kutu kwa haraka, na chuma kilichozama kabisa katika maji yasiyo na hewa hakipati kutu kwa urahisi. Kinachohitajika ni unyevu na hewa kwa pamoja. Ukiongeza siki, siki huyeyusha chuma kidogo kidogo, na chuma hicho kilichoyeyuka huingia katikati ya nyuzi za pamba. Hewa inapokigusa, kinageuka kuwa kutu humo humo ndani ya uzi. Ndiyo maana sabuni haikiondoi. Hakikupakwa juu, kimezaliwa ndani.

Majani ya chai yana kitu kiitwacho tanini. Tanini ndiyo inayofanya chai iliyokolea sana ikaushe ulimi. Imo pia katika ndizi mbichi, katika magome ya miti mingi, na hasa katika gome la muwati. Wasomaji wa Njombe wanaifahamu vizuri, kwani kampuni ya miwati iliyoanzishwa huko mwaka 1949 imekuwa ikivuna magome kwa ajili ya kupata tanini ya kutengenezea ngozi. Tanini hupenda kushikamana na pamba, na hupenda zaidi kushikamana na chuma. Vikikutana, vinazaa rangi ya kijivu, ya zambarau iliyofifia, au nyeusi kabisa, kutegemea wingi wa kila kimoja. Huo ndio weusi wa vidole baada ya kumenya ndizi.

Elimu hii ni ya zamani duniani. Nchini Mali, mafundi wa nguo iitwayo bogolanfini huchovya kitambaa cha pamba katika maji ya majani yenye tanini, kisha huchora juu yake kwa tope lenye chuma lililochachushwa. Katika kisiwa cha Amami, Japani, nyuzi za hariri hutiwa rangi ya mti wenye tanini na kuzamishwa katika matope ya mashamba. Wino uliotumika Ulaya kwa mamia ya miaka ulitengenezwa kwa tanini na chumvi ya chuma. Na katika miaka ya karibuni wasanii wa vitambaa wa nchi mbalimbali wamerudi kwenye kutu na chai kama njia ya sanaa. Mmoja wao ni Alice Fox wa Uingereza, ambaye mwaka 2015 alitoa kitabu kizima kuhusu kazi za namna hii.

Kwa hiyo hatujabuni jambo jipya. Tulichofanya ni kulijaribu kwa vitu vya hapa, katika hali ya hewa ya hapa.

MAHITAJI

1. Kitambaa cha pamba tupu. Merikani ndiyo bora. Kitambaa chenye mchanganyiko wa nailoni au poliesta hakishiki rangi vizuri.
2. Vyuma vya kawaida vinavyoshika kutu: misumari, washa, nati, cheni za baiskeli, majembe yaliyochakaa. Mabati mapya hayafai, kwa kuwa yamepakwa zinki inayozuia kutu. Vyombo vya chuma kisichoshika kutu navyo havifai, kama jina lenyewe linavyosema.
3. Siki nyeupe ya dukani.
4. Majani ya chai. Si lazima yawe mapya. Mama lishe wengi humwaga makapi ya chai kila siku. Ukiyaanika yakakauka vizuri, yanafaa. Ila tumia mara mbili au tatu ya kiasi cha majani mapya.
5. Magadi.
6. Mifuko mikubwa ya nailoni isiyotoboka, kamba, beseni na sufuria. Vyombo hivi vitengwe kabisa na vya jikoni.
7. Glavu za mpira, daftari na kalamu.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: kufua. Merikani mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia rangi kuingia. Loweka usiku mmoja, kisha chemsha kwa sabuni kwa nusu saa na usuuze mpaka maji yawe safi. Tuliporuka hatua hii tulipata mabaka.

Hatua ya pili: chai. Kwa kitambaa cha nusu mita tunatumia gramu 50 za majani makavu katika lita 3 za maji. Chemsha taratibu kwa nusu saa, chuja, kisha ingiza kitambaa kikiwa kimelowa na kukamuliwa. Acha kwa saa moja upate rangi ya maziwa ya chai, au usiku kucha upate kahawia. Geuza mara kwa mara ili rangi iwe sawasawa. Kamua, usisuuze sana.

Angalia pia maji unayotumia. Kisima chenye madini ya chuma kitageuza chai yako kuwa ya kijivu kabla hujaanza kazi. Jaribu kwanza kwa kikombe kimoja: mimina chai kidogo katika maji ya kisima, uache kwa saa moja. Yakiwa meusi, tumia maji ya mvua.

Hatua ya tatu: kutu. Osha vyuma kwa sabuni ya unga mpaka grisi na oili vitoke. Changanya siki na maji kwa kipimo sawa. Lowesha kitambaa kwa mchanganyiko huo, kikamue, kisha panga vyuma juu yake kwa umbo unalotaka na ukikunje au ukifunge kwa kamba. Cheni ya baiskeli inaacha alama kama kushona. Washa zinaacha miduara, na jembe linaacha kivuli chake lote. Weka ndani ya mfuko wa nailoni, lakini usikaze sana, kwa kuwa kutu inahitaji hewa.

Hatua ya nne: kuangalia. Fungua baada ya saa sita. Penye chai na chuma pamoja utaona kijivu na weusi. Penye chuma zaidi ya chai utaona rangi ya chungwa na kahawia. Katika miezi ya Juni na Julai, Mbozi kunapokuwa na baridi, kazi huenda polepole. Hata hivyo, usizidishe siku moja. Sababu tutaieleza hapa chini.

Hatua ya tano: kusimamisha. Ondoa vyuma vyote. Suuza kwa maji mengi. Kisha yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha magadi katika lita 5 za maji na uloweke kitambaa kwa nusu saa. Magadi yanaua ukali wa siki. Rangi ya chai itabadilika kidogo na kuwa nyekundu zaidi, msishangae. Suuza tena, fua kwa sabuni, anika kivulini.

Mnaweza pia kubadilisha mpangilio, yaani kutu kwanza na chai baadaye. Hapo alama za chungwa zitageuka kuwa za kijivu mbele ya macho yenu mara zinapoingia kwenye chai. Hili ndilo jaribio linalowafurahisha vijana kuliko yote.

KOSA TULILOFANYA

Katika msimu wetu wa kwanza, kamati moja ya kanisa iliona sampuli zetu ikaagiza vitambaa sita vya meza na kitambaa kimoja kikubwa cha ukutani kwa ajili ya ukumbi wake. Kwa kikundi kilichokuwa bado kinanunua siki kwa mkopo, hiyo ilikuwa habari njema. Tulifunga vitambaa na vyuma siku ya Jumatatu. Jumanne mvua ya kwanza ya kupandia ikanyesha, na kila mmoja akaenda shambani. Tulivifungua Jumapili baada ya ibada.

Vilikuwa vizuri kuliko chochote tulichowahi kutengeneza. Mistari ilikuwa myeusi, miduara imekolea, kingo zimeingia taratibu kama moshi. Tulivisuuza kwa maji matupu, tukavipiga pasi, tukavipeleka. Watu wakapiga makofi.

Baada ya miezi michache katibu wa kamati ile alitufuata. Hakuja kulalamika. Alileta mfuko, akatoa kitambaa cha meza kilichokunjwa vizuri, akakikunjua mbele yetu. Kilikuwa kimefuliwa mara tatu tu. Kila mahali palipokuwa na mstari mweusi kabisa palikuwa na mpasuko. Bibi mmoja wa kikundi alikishika kwa vidole viwili akavuta kidogo, kikaachia kama karatasi iliyolowa. Akasema, "Tuliacha chungu jikoni tukaenda shamba."

Ndivyo ilivyokuwa. Siki ni asidi, na asidi hukata nyuzi za pamba. Chuma nacho, kikiwa kingi, huisaidia hewa kuchosha nyuzi hizo mwaka hadi mwaka. Kitu kile kile kinacholeta rangi ndicho kinachopunguza nguvu ya kitambaa. Baadaye tulisoma kwamba watunza makumbusho wanaujua ugonjwa huu vizuri. Wino ule wa Ulaya tuliouleza umetoboa karatasi za hati nyingi za zamani. Hata hati za muziki zilizoandikwa kwa mkono wa Johann Sebastian Bach, zinazotunzwa Berlin, zimeharibiwa na wino wake mwenyewe. Maandiko nayo yanaitaja kutu pamoja na nondo kuwa waharibifu wa hazina za duniani. Sisi tulikuwa tumeiona rangi, tukasahau nusu ya pili ya habari.

Katika kikao kilichofuata kulikuwa na mabishano. Wengine walisema kamati ilifua vibaya. Wengine walisema tuweke viraka. Mama mmoja aliuliza swali lililomaliza maneno: kama ni yeye aliyenunua, angependa aambiwe nini? Tukakubaliana kurudisha vitambaa vipya vya meza vya merikani isiyotiwa rangi, kutoka katika akiba ya kikundi. Na kwa kuwa sufuria na mabeseni yetu yalinunuliwa kwa michango ya wafadhili, tuliwaandikia kueleza kilichotokea kabla hawajauliza. Kosa lilikuwa letu sisi wawezeshaji kuliko la kikundi: tuliwafundisha watu kuuza kitu ambacho sisi wenyewe hatujakipima.

JINSI TUNAVYOPIMA SASA

Tangu hapo hakuna kitambaa kinachouzwa kabla ya kupimwa. Utaratibu ni rahisi, na kamati yoyote inaweza kuufuata.

Tunakata vipande vya merikani vyenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 30. Tunavitia chai na kutu kwa namna moja, ila muda unatofautiana: saa sita, siku moja, siku tatu, siku sita. Kila muda una vipande viwili. Kimoja kinapita kwenye magadi, kingine kinasuuzwa kwa maji tu. Tunaandika tarehe na muda kwenye kila kipande kwa kalamu isiyofutika, tunavifua mara moja kwa wiki, na kuvitundika dirishani penye jua. Kila mwisho wa mwezi mtu yule yule anavivuta kwa mikono na kuandika katika daftari: imara, inalegea, imekatika.

Mkono si mashine, lakini mkono haukutudanganya. Vipande vya saa sita na vya siku moja vilivyopita kwenye magadi havikuonyesha tofauti na merikani ya kawaida kwa muda wote tuliovivuta. Vile vya siku sita visivyopata magadi vilikatika kabla ya vingine vyote. Vya siku tatu vilikuwa katikati, na katikati si mahali pa kumuuzia mtu.

Tumejifunza mambo mengine pia. Rangi ya kutu inavumilia jua. Rangi ya chai peke yake inapauka. Limau na chumvi huondoa kutu, kwa hiyo anayemwagia kitambaa juisi ya limau atapata doa jeupe. Upande mwingine, limau hilo hilo ni dawa ya kusahihisha alama iliyokaa mahali pasipotakiwa, mradi usuuze mara moja.

NINI KITENGENEZWE, NA KIUZWE VIPI

Kutokana na majaribio hayo, kikundi kimeacha kutengeneza kwa kutu vitu vinavyofuliwa kila wiki. Vitambaa vya meza na nguo za kuvaa vinatiwa chai tu, au batiki ya kawaida. Kutu imebaki kwa vitu vinavyotundikwa au kushikwa kwa upole: picha za ukutani, majalada, kadi, na mito ya mapambo. Kwa kazi hizo weusi mwembamba unatosha. Tuligundua kwamba kitambaa kilichokaa saa sita, kikaongezewa mishono ya mkono kufuata mstari wa kutu, kinapendeza kuliko kile kilichoachwa mpaka kikaungua. Mashine ya kushonea itumike kwa uangalifu, kwa kuwa chembe za kutu zinachakaza sindano.

Kila kitu kinachouzwa kina kikaratasi kinachosema hivi: kitambaa hiki kimetiwa rangi kwa kutu na chai, kinafaa kutundikwa, kifuliwe kwa mkono mara chache, kisiguswe na limau, kisikunjwe pamoja na nguo nyeupe. Wapo waliotuonya kwamba maneno hayo yatafukuza wateja. Wapo kweli waliosoma wakarudisha kitambaa mezani. Lakini kamati ile ile iliyoletewa vitambaa vibovu imeagiza tena picha ya ukutani, baada ya kusoma kikaratasi.

Kuhusu bei, tunazishauri kamati zisishindane na kitenge. Kitenge cha kiwandani kinachovuka mpaka wa Tunduma kitakuwa na bei ndogo daima. Kitambaa cha kutu ni kazi ya sanaa: hakuna viwili vinavyofanana. Mnapopiga hesabu andikeni merikani, chai, siki, magadi, kuni au mkaa, na nauli ya kwenda Mlowo sokoni. Kisha andikeni saa za kazi. Miradi mingi ya akina mama huonekana ina faida kwa sababu muda wao umehesabiwa kuwa sifuri. Na msisahau kuweka akiba kidogo kwa ajili ya kurudisha kilichoharibika. Sisi tuliihitaji.

TAHADHARI ZA USALAMA

1. Vaeni glavu. Mtu akikatwa au kuchomwa na chuma kichafu aende kituo cha afya. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe bali na vijidudu vya udongo na vumbi vinavyokaa kwenye vyuma vilivyotupwa. Chanjo ipo.
2. Msichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Hewa inayotoka hapo ni sumu.
3. Msitumie vyuma vya betri za magari wala vyuma vyenye rangi ya zamani inayobanduka. Vinaweza kuwa na risasi, ambayo ni hatari hasa kwa watoto na kwa mama mjamzito.
4. Sufuria ya rangi haipiki ugali. Iwekeeni alama.
5. Maji yaliyotumika yasimwagwe karibu na kisima wala mtoni. Chimbeni shimo mbali na chanzo cha maji.
6. Kitambaa chenye vumbi la kutu kisikung'utwe ndani ya nyumba. Suuzeni mpaka vumbi liishe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Ni vitu gani katika kijiji chetu tunavitupa kila siku ambavyo vinaweza kuwa malighafi? Nani anaishi kwa kuviokota sasa, na je, mradi wetu utamnyang'anya riziki?
2. Je, kuna mzee anayekumbuka jinsi nguo, mikeka au vikapu vilivyotiwa rangi zamani? Ni nani atakwenda kumuuliza kabla ya kikao kijacho?
3. Bidhaa gani ya kikundi chetu tunaiuza bila kuipima? Tunaweza kuipima vipi kwa vifaa tulivyonavyo?
4. Mteja akirudisha kitu kilichoharibika, nani analipa: aliyetengeneza, kikundi, au mfadhili? Je, jambo hili limeandikwa popote?
5. Ni habari gani mbaya tumeichelewesha kuwaambia wafadhili wetu, na kwa nini?

KWA KUMALIZIA

Mwanzoni tulidhani tunawafundisha akina mama wa Igamba kugeuza doa kuwa rangi. Hilo walilishika siku ya kwanza. Walikuwa wamelifua doa hilo maisha yao yote. Kilichotuchukua misimu miwili ni kujua wakati wa kukiondoa chuma kwenye kitambaa. Saa sita zinaleta rangi, siku sita zinaleta rangi nzuri zaidi, halafu zinachukua kitambaa.

Kile kitambaa kikubwa cha ukutani hatukukitupa. Kamati ilikirudisha, nacho kimetundikwa katika chumba cha kazi cha kikundi, pamoja na mipasuko yake, karibu na vipande vya majaribio. Mgeni akiingia huuliza kwanza kuhusu uzuri wake. Ndipo mmoja wa akina mama humwambia akiguse.